Ushuru ushuke, lakini mtuite kabla ya kusaini

Mhariri,

Naomba nafasi kwa gazeti lako nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika kwamba Kenya iache kusaini hii mikataba ya biashara na nchi za nje, na badala yake ushuru upandishwe kwa kila kitu kinachoingia nchini, eti ndio viwanda vyetu viamke. Barua yake nimeisoma vizuri, na kuna mahali nakubaliana na yeye kabisa, lakini kwa ile hoja yake kubwa naona amepotea njia, na nadhani ni kwa sababu anaongea juu ya ushuru kana kwamba unalipwa na Mchina ama Mwarabu huko huko kwao. Haulipwi huko bwana. Unalipwa hapa.

Mimi nauza vitunguu Marikiti, soko la Wakulima hapa Nairobi, na vingi vinatoka Tanzania, kwa hivyo neno lolote ambalo mawaziri wa Afrika Mashariki wanaliongea kule Arusha linanifikia mapema kuliko linavyowafikia wengi wanaolisikia tu kwa redio. Sijasomea uchumi. Lakini hesabu ya kununua na kuuza naijua na haya mambo ya ushuru nimeyafuata kitambo sana, na watu wangu wengine wako kwa masoko ya Kamukunji na Gikomba kwa hivyo ya kontena pia nayasikia.

Wacha tuanze na hesabu. Tuseme mtu ameleta mzigo wa 100,000, hiyo ni bei pamoja na meli na bima mpaka Mombasa. Kama ni bidhaa iliyomalizika kutengenezwa, kwa ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki atatozwa 25%, hizo ni 25,000. Halafu kuna ada ya kujaza fomu ya kuingiza mzigo 2.5%, hiyo 2,500. Kuna ya reli 2%, hiyo 2,000. Halafu VAT ya 16%, na hapa ndipo watu wengi hawaangalii, hiyo VAT haipigwi kwa ile 100,000 peke yake, inapigwa kwa 100,000 pamoja na ule ushuru wa 25,000, yaani unalipia kodi juu ya kodi, inakuja 20,000. Jumla ni 49,500 kabla hujalipa kliaringi, yaani ejenti wa kukutolea mzigo forodhani, kabla lori halijapakia, kabla kontena halijakaa kwa bandari kavu ya Embakasi siku za ziada ukahesabiwa stoo. Na tangu Julai 2022 kuna bidhaa zimehamishwa kwa kiwango kipya cha 35%, mambo ya fanicha, nguo, vitu vya ngozi, vyuma na kadhalika, na hapo hesabu ile ile inapanda mpaka 61,100. Sasa msomaji mwenzangu anataka tuongeze. Sawa, lakini asifikiri yule wa Guangzhou, China, ndiye atakayeumia, yule alishalipwa pesa yake yote kabla meli haijatoka. Hiyo 61,100 inarudishwa na mama anayenunua sufuria Kamukunji, na yeye hajui amelipa ushuru, anajua tu bei imepanda akamtukana mwenye duka.

Na uzuri mwingine wa kuipiga hii hesabu ni kwamba unaona hata serikali ikienda ikapatana na nchi fulani ushuru wa forodha uwe sufuri, bado kwa huo mzigo utalipa 20,500. Kwa hivyo anayesema kushusha ushuru ni kufungua geti wazi ng'ombe waingie shambani, hajawahi kuklia mzigo.

Sasa mahali nakubaliana na yeye. Anasema viwanda vya nguo vilikufa ushuru uliposhushwa miaka ya tisini, na hiyo ni kweli. Kicomi ya Kisumu ilikufa, Rivatex ya Eldoret ikaanguka mpaka Chuo Kikuu cha Moi kikaja kuinunua 2007, wakulima wa pamba wakang'oa wakapanda mahindi. Wazee wetu walifanya kazi huko na walirudi nyumbani mikono mitupu. Hilo hakuna mtu anaweza kulikataa.

Lakini tuulizane, ule ushuru wa wakati ule ulishushwa vipi? Kuna mkataba gani ulisainiwa ambao ulisema sisi tukishusha na wao watatushushia? Hakuna. Benki ya Dunia na IMF walisema ukitaka mkopo fungua soko, tukafungua soko. Tulitoa kila kitu, na kwa upande wa soko lao hatukupata kitu, na hatukupewa muda wa viwanda kujipanga, na hatukuuliza ni bidhaa gani zibaki nyuma kwanza. Hayo hayakuwa mapatano, ilikuwa ni amri. Mapatano ni mimi nakupunguzia hapa na wewe unanipunguzia pale, na kama kitu changu bado ni kichanga nakwambia hiki subiri miaka kumi, ama hiki usikiguse kabisa, halafu tunaandika. Huwezi kuchukua ubaya wa ile amri ukaufanya sababu ya kukataa mapatano, ni vitu viwili tofauti kabisa na huyu ndugu yangu ameviweka kwa gunia moja.

Mfano wa kupewa bila kupatana uko hapa karibu, Athi River. AGOA. Marekani walianzisha hiyo sheria mwaka 2000, wakasema nguo kutoka Kenya na nchi nyingine za Afrika zitaingia kwao bila ushuru, na kweli ilisaidia, zile kampuni za EPZ, yale maeneo ya viwanda vya kuuza nje, zikaajiri maelfu na maelfu ya watu, wengi wakiwa akina dada wa kushona. Lakini AGOA haikuwa mkataba, ilikuwa sheria ya bunge lao, wenyewe wanaiongeza wakitaka na wanakutoa wakitaka. Ni kama mtu akuambie weka kibanda chako kwa ploti yangu, usilipe rent, bila kuandikiana, unajenga, unapata wateja, na kila asubuhi unaamka kuangalia kama leo ameamka na uso mzuri. 2015 waliiongeza miaka kumi. Ikafika 30 Septemba 2025 muda ukaisha, na sisi kazi yetu ikawa kutuma wajumbe Washington kubembeleza. Na kabla hata ya hapo, Aprili 2025, Rais Trump alikuwa ashasimama na ubao wake akatangaza ushuru mpya kwa dunia nzima, Kenya tukapigwa 10%. Watu wengine walisherehekea eti tuko na kiwango cha chini kuliko wengine. Nilishangaa sana. Ukiwa umezoea kulipa sufuri, 10% unaisherehekea vipi?

Na wale wa Gikomba wanakumbuka ya mitumba, hii ndiyo stori ambayo kila mtu Nairobi anafaa kuijua vizuri. 2016 marais wa Afrika Mashariki walikubaliana kwamba nguo za mitumba zipunguzwe polepole mpaka ziishe kabisa kufikia 2019, ndio viwanda vya nguo virudi. Wafanyabiashara wa mitumba wa kule Marekani wakaenda kulalamika kwa serikali yao, na serikali yao ikasema haya, tutaangalia kama nyinyi bado mnafaa kuwa AGOA. Kenya ikajiondoa haraka. Tanzania na Uganda nazo zikarudi nyuma. Rwanda peke yake ikasema hapana, ushuru umepanda na utabaki juu, na 2018 nguo zake zikatolewa kwa ule mpango wa AGOA. Sasa mimi sisemi nani alikuwa sawa, watu wangu wa Gikomba wakisoma hii watanifuata mpaka Marikiti. Ninachosema ni kwamba nchi ambayo haijaandikiana na mwenzake haina uwezo hata wa kupanga ushuru wake yenyewe, yaani ile nguvu msomaji mwenzangu anaitaka, ya kujipandishia ushuru tunavyopenda, hatuna hata sasa, kwa sababu tunaishi kwa hisani.

Tulikuwa na nafasi ya kuandikiana nao. Julai 2020 Kenya na Marekani walianza mazungumzo ya mkataba kamili, Uhuru akiwa Ikulu na Trump akiwa muhula wake wa kwanza. Serikali ya kule ikabadilika, wakaja na mpango mwingine 2022 ambao ulikuwa unaongea juu ya kila kitu, rushwa, mazingira, dijitali, isipokuwa kushusha ushuru. Miaka ikaenda. Ndio tukajikuta Septemba 2025 hatuna la kushika.

Watu huuliza, si kuna WTO, lile Shirika la Biashara Duniani, hawa kazi yao ni gani? Ni swali nzuri na jibu lake linaanza mbali kidogo. 1930 Marekani walipandisha ushuru kwa maelfu ya bidhaa, wakifikiri watalinda wakulima na viwanda vyao, nchi zingine zikalipiza, kila mtu akapandisha, na biashara ya dunia ikaanguka vibaya wakati ambapo watu walikuwa tayari na njaa. Baada ya vita vya pili vya dunia, 1947, nchi 23 zikakaa Geneva zikaanza kushushiana, wewe ukishusha hiki mimi nashusha kile, na ulichompunguzia mmoja unawapunguzia wote waliomo. Wakafanya raundi baada ya raundi, ya mwisho ikichukua zaidi ya miaka saba, mpaka 1995 ikazaliwa WTO. Ushuru wa bidhaa za viwandani kwa nchi tajiri ukashuka sana. Lakini angalia ujanja, kwa miaka hiyo yote mambo ya kilimo waliyaweka pembeni karibu kabisa, na sisi tulikuwa tunauza nini? Kilimo. Kahawa mbichi walituruhusu iingie Ulaya bila ushuru, kahawa iliyokaangwa wakaiwekea 7.5% kwa yule ambaye hana mkataba nao. Yaani leta maharagwe, kukaanga tuachie sisi.

Ndio 2001 kule Doha ikasemwa sasa hii raundi itakuwa ya nchi maskini, mambo ya kilimo yatamalizwa. Mpaka leo haijamalizwa. Na mambo yenyewe yalikuja kukwamia hapa hapa mjini, KICC, Desemba 2015, mkutano wa kwanza wa mawaziri wa WTO kufanywa Afrika, Balozi Amina Mohamed akiwa kwa kiti. Kusema ukweli wake kuna kitu kikubwa kilipatikana, nchi tajiri zilikubali kuacha kutoa ruzuku kwa mazao ya shamba yanayouzwa nje, ile ya kumlipa mkulima wao ili mazao yake yafike kwetu kwa bei ya kutupa. Hiyo tuisifu, na iliandikwa kwa jina la Nairobi. Lakini kwa ile raundi yenyewe ya Doha walitoka wakiwa hawajakubaliana kama inaendelea ama imekufa, wengine wakasema inaendelea, wengine wakasema tutafute njia mpya. Nchi zaidi ya 160, kila moja lazima ikubali, mmoja akitikisa kichwa basi. Kwa hivyo ukimsubiri WTO akushushie ushuru wa kahawa iliyokaangwa utazeeka hapo Geneva.

Ndio maana nchi zinapatana mbili mbili au kwa vikundi, na sisi pia. Na hapa kuna somo la 2014 ambalo limesahaulika haraka sana. Afrika Mashariki tulikuwa tunajadiliana na Ulaya kwa pamoja, miaka inaenda, mikutano haiishi. Wenzetu hawakuwa na haraka, na siwalaumu, kwa sababu Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi zote zimeandikwa kama nchi maskini zaidi na kwa sababu hiyo bidhaa zao zinaingia Ulaya bure kwa vyovyote vile. Kenya peke yetu hatukuwa kwa hiyo orodha. Tarehe ya mwisho ikafika, 1 Oktoba 2014, na maua ya Naivasha yakaanza kulipa ushuru. Karibu miezi mitatu, mpaka karibu Krismasi. Ukiuza ua linalokauka kwa siku chache na jirani yako Ethiopia analipitisha bure, hiyo ni faida yote imeenda. Mwishowe tukaamua kwenda peke yetu, tukasaini na Ulaya Desemba 2023 hapa Nairobi, na mkataba ukaanza kufanya kazi 1 Julai 2024. Uingereza tulikuwa tumeshamalizana nao Desemba 2020 walipotoka Ulaya.

Sasa mwambie msomaji mwenzangu asome huo mkataba wa Ulaya kabla ya kuukataa. Bidhaa zetu, ukitoa silaha, zinaingia bila ushuru na bila kikomo kuanzia siku ya kwanza. Zao zinafunguliwa kwetu polepole, zingine mpaka miaka 25, na kuna zile ambazo hazifunguliwi kabisa, mambo ya maziwa, nyama na mengine ya shamba. Hivyo ndivyo mapatano yanakaa. Inawezekana bado tulipunjwa mahali fulani, sijui kusoma kila ukurasa wa ule mkataba maana ni mkubwa kama biblia na umeandikwa Kizungu cha mawakili, na hilo ndilo lalamiko langu kubwa nitalifikia.

Kabla ya hapo wacha niongee ya jirani, kwa sababu huku ndiko naishi. Kwa karatasi, Kenya, Uganda na Tanzania tulimaliza kutozana ushuru kitambo. Umoja wa forodha ulianza 1 Januari 2005, na ulivyopangwa ulikuwa wa haki, kwa sababu Kenya ilikuwa na viwanda zaidi basi bidhaa zetu zikaendelea kulipa kitu kidogo zikienda Uganda na Tanzania, kinapungua kila mwaka, mpaka 2010 kikaisha. Wao zao ziliingia kwetu bila kitu tangu mwanzo. Viwanda vya Kampala vikapata muda wa kujipanga, kwa sababu hiyo ilipangwa vizuri. Na kuna ile ya watu wadogo, kama mzigo wako hauzidi dola 2,000 na uko kwa orodha, unajaziwa cheti rahisi pale pale mpakani, hakuna haja ya ejenti. Ukienda Busia au Namanga utapata akina mama wanaijua hii kuliko mawakili.

Lakini ushuru ukitoka mlangoni, watu wanaingiza vikwazo kwa dirisha. 2017 Tanzania ilichoma vifaranga 6,400 pale Namanga, hai, kwa sababu vimetoka Kenya, na ng'ombe wa Wamaasai wetu zaidi ya 1,300 wakapigwa mnada. Sisi nasi tusijifanye watakatifu, Machi 2021 tuliamka tukapiga marufuku mahindi ya Uganda na Tanzania eti yana sumu ya aflatoxin, malori yamejaa mpakani, siku chache baadaye tukageuza tukasema haya yaingie lakini kwa masharti. Maziwa ya Uganda tumeyasumbua, mayai yao tumeyasumbua, sukari yao usiseme. Rais Samia akaja hapa Mei 2021, wakaongea na Uhuru vizuri, mambo mengi yakafunguliwa, na biashara ya mpakani tuliiona inapanda kwa macho. Halafu Julai 2025 Tanzania wakatoa orodha ya kazi 15 ambazo mgeni haruhusiwi kufanya, saluni, kurekebisha simu, M-Pesa, na kwenda shambani kununua mazao. Hiyo ya mwisho ndiyo yangu. Mtu wa Nairobi hawezi tena kwenda mwenyewe mpaka Mang'ola kule Karatu akachagua vitunguu akapatana na mkulima, lazima apitie kwa mwenyeji. Ushuru ni sufuri, bado ni sufuri, hakuna aliyevunja hiyo. Lakini broka anachukua kile ambacho forodha iliacha, na hapo bado hujafika barabarani kwa maroadblock, na hujafika kwa sesi, ile kodi ya mazao ya kila kaunti unayopita, na kuna siku afisa mmoja mpakani aliniambia cheti changu kina muhuri wa rangi isiyofaa. Rangi ya muhuri! Nilingoja hapo mpaka vitunguu vikaanza kuota.

Nataka watu waelewe hii kwa sababu kwa mazungumzo makubwa wanapenda kupiga picha wakisema ushuru umefika sufuri, na kweli umefika, na hakuna kilichobadilika kwa bei sokoni. Anayejadiliana ajue kwamba ushuru ni nusu ya kazi tu. Na halafu kuna huu mchezo wa kila Juni. Ule ushuru wa pamoja tunaouita wa pamoja si wa pamoja, kwa sababu kila mwaka wakati wa bajeti kila nchi inaomba ruhusa yake, mimi mchele nataka niutoze 35% badala ya ile 75% yenu, mwingine anasema mimi vyuma nataka hivi, na gazeti rasmi la jumuiya linatoka na kurasa nyingi za hizo ruhusa. Mfanyabiashara anaagiza mzigo Machi kwa hesabu moja, meli inafika Julai hesabu imebadilika. Sasa jumuiya kama hiyo, ambayo iko na nchi nane na haikubaliani bei ya kuingiza mchele, itaenda kujadiliana na China kwa sauti gani? China wenyewe walisema Juni 2025 kwamba wako tayari kuondoa ushuru kwa nchi 53 za Afrika. Vizuri sana. Lakini nimeshasema ya hisani, sitarudia, tuandikiane nao.

Ya bara zima sitaongea sana. Kenya na Ghana ndio walikuwa wa kwanza kupeleka karatasi za kuridhia Eneo Huru la Biashara la Afrika, Mei 2018, biashara ikafunguliwa rasmi Januari 2021, na 2022 tukapeleka majani chai na betri za magari Ghana kama majaribio. Mpango ni asilimia 90 ya bidhaa ziondolewe ushuru taratibu. Ni ndoto nzuri na mimi naiunga mkono, lakini mzigo wa kutoka Mombasa kwenda Tema, bandari ya Ghana, bado unazunguka bahari nusu ya dunia, kwa hivyo mimi naanza na Namanga.

Basi nafika kwa lalamiko langu na huku ndiko mimi na yule msomaji tunaweza kukutana. Hasira yake naielewa. Anaona watu wa suti wanasafiri, wanasaini, wanarudi, na yeye anasikia kwa habari za saa moja. Januari 2025 tulisaini mkataba mkubwa na Emirati kule Abu Dhabi. Eastleigh nzima, huku Nairobi, inakula kwa mizigo ya Dubai. Ni wangapi wa Eastleigh waliulizwa kabla, walete orodha yao, waseme hiki kishushwe hiki kibaki? Sheria iko, ya 2012, inasema mkataba upelekwe bungeni na wananchi washirikishwe kabla ya kuridhiwa, na Katiba yenyewe inasema. Wakulima wadogo walienda kortini 2007 kwa sababu ya haya haya mazungumzo ya Ulaya, na 2013 Mahakama Kuu ikasema serikali iweke utaratibu wa kuwahusisha. Kinachofanyika sasa ni tangazo dogo kwa gazeti la Kizungu, siku chache, mkutano kwa hoteli ya Westlands saa nne asubuhi wakati sisi tuko kazini, na waliokuja ni wale wale wa vyama vikubwa wanaojuana.

Na hasara si yetu peke yetu, ni ya serikali pia, kwa sababu mkono mtupu haulambwi. Mjumbe wetu akikaa mezani na Mzungu au Mchina au Mtanzania anahitaji kujua ni nini tunaweza kuachilia bila kuumia na ni nini tukikiachilia watu wanalala njaa. Hiyo huwezi kuipata kwa kompyuta ya wizara. Muulize fundi wa Kariobangi Light Industries ni bati gani analoagiza na ni ushuru gani unamuua, atakwambia kwa dakika mbili, na atakwambia jambo ambalo msomaji mwenzangu hajalifikiria, kwamba yeye fundi anataka ushuru upande kwa masufuria yanayotoka nje na ushuke kwa bati la kuyatengenezea. Vyote viwili, kwa siku moja. Hapo ndipo kujadiliana kunahitaji kichwa, si kupandisha kila kitu na si kushusha kila kitu.

Kwa hivyo ombi langu kwa Wizara ya Biashara, kupitia gazeti lako kwa sababu najua hili wanalisoma, ni kwamba kila mkataba unaojadiliwa orodha ya bidhaa na viwango vyake itolewe kwa Kiswahili, ukurasa mmoja mmoja kwa kila aina ya biashara, ibandikwe sokoni, na ile ya ruhusa za ushuru ya Juni tuione kabla haijapelekwa Arusha, si baada. Halafu wenyewe waje. Wasituite hotelini, waje Marikiti, tutawapa mabenchi na chai. Lakini wafike saa kumi na moja alfajiri, maana ikifika saa tatu malori yote yameshashusha, bei imeshakatwa, na mtu wa kuongea na wao hawatampata.

Muuza vitunguu,
Soko la Wakulima, Nairobi